Harusi, hoteli na madarasa: wimbo wa asili unatungwa humo humo

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaopiga zeze, marimba au ngoma hapa Dar ni hili: kaka, muda wa kutunga unaupata wapi wakati wiki nzima unakimbizana na sendofu, hoteli na kufundisha watoto? Jibu langu huwa linawaudhi kidogo, mi naona hizo hizo kazi ndo zinatunga. Yule anayesema ngoja nimalize njaa kwanza ndo nikae nitunge albamu, namjua, nawajua wengi, na wengine bado wanasubiri mpaka leo.

Angalia singeli. Leo watu wanaicheza kwenye matamasha ya Ulaya, lakini ilitoka uswahilini huku, Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye sherehe za mtaani, na kabla yake kulikuwa na mchiriku, vijana wa Kizaramo wamechukua mapigo ya ngoma zao wakayapeleka kwenye kile kinanda kidogo cha Casio na spika zinazokoroma. Hakuna aliyekaa chini akasema sasa nabuni aina mpya ya muziki. Kulikuwa na bi harusi, kulikuwa na watu wanataka kucheza mpaka asubuhi, na kinanda kilichopo ni hicho.

Au mtazame mzee Hukwe Zawose, mwimbaji na mpiga marimba wa Kigogo, ambaye sisi wa Dodoma tukimtaja tunavimba vichwa. Alitoka kijijini akaja huku enzi za Mwalimu kwenye kikundi cha ngoma cha taifa, akaishia Bagamoyo anafundisha chuo cha sanaa, ambacho sasa ndo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mpaka alipofariki Desemba 2003. Alikuwa mwajiriwa. Anacheza shughuli za serikali, anapokea wageni, anafundisha wanafunzi, na katikati ya hayo yote anatengeneza marimba makubwa kuliko ya wazee wake na anatunga. Sijui nani aliwadanganya watu kwamba msanii wa kweli anatakiwa awe peke yake pembeni ya mto.

Sasa nieleze inavyokuwa kwa vitendo, maana maneno matupu hayasaidii.

Mimi napiga zeze na ilimba, yale marimba ya Kigogo yenye vyuma vinavyopigwa kwa dole gumba, na kundi letu lina ngoma mbili, kayamba, na waitikiaji. Wimbo kwangu unaanza kwenye vidole, sio kichwani. Unapiga kitu kimoja hicho hicho kwa muda mrefu mpaka dole gumba la kushoto linateleza linagusa chuma kisichotarajiwa, unarudia, unasikia hee hapa kuna kitu, unawasha simu unarekodi hivyo hivyo na kelele za jirani anayechoma mahindi. Baada ya hapo siendi studio. Nakipeleka harusini. Kwenye harusi kuna ile saa watu wanaingia ukumbini, emsii bado anahangaika na maiki, hakuna anayekusikiliza kwa makini, hapo ndo pa kujaribia, unaweka kiitikio kifupi na waitikiaji wako wanakirudia. Usiwaangalie wenye suti. Waangalie akina mama wanaopita na sinia na wale wanaopanga vyombo. Wakianza kukiimba chini chini bila kujua, umepata wimbo. Kama hata mtoto hajageuka, ukiweke pembeni bila kulia, kesho jaribu mapigo mengine.

Kuhusu lugha nina msimamo wangu na wengine tunagombana. Watu wa Dar wengi hawajui Kigogo, na ukiimba Kigogo mwanzo mwisho wanakupigia makofi ya heshima halafu wanarudi kwenye simu zao. Mimi kiitikio nakiacha Kigogo, kwa sababu ile mipishano ya sauti, mmoja juu mmoja chini, imekaa kwenye maneno yenyewe na ukiyabadilisha inapotea, halafu beti za kiongozi natia Kiswahili ili mtu ajue namsema nani. Wapo wanaosema huko ni kuuza asili. Sawa, lakini wazee wangu nao wakikutana na jambo jipya walikuwa wanaliimba kwa maneno ambayo watu waliokuwepo pale wanayaelewa.

Vyombo. Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapowaangusha watu wanaokuja mjini.

Dar ina unyevu. Ngozi ya mbuzi uliyoiwamba Dodoma ikalia vizuri, ukishuka nayo hapa usiku mmoja tu imelegea, ukiipiga inasema bufu bufu. Kijijini unakoka moto unapasha, mambo yamekwisha, ila hapa hotelini ukikoka moto kwenye bustani yao utatolewa na walinzi. Kwa hiyo fika mapema jua likiwa bado kali, weka ngoma pale penye lami au kokoto, uso ukiangalia jua, unazigeuza. Kama shoo ni usiku, urafiki na watu wa jikoni ni muhimu kuliko urafiki na meneja, salimia vizuri, shikamoo kwa mama anayekaanga, yeye ndo atakuruhusu usimame karibu na jiko la mkaa nyuma kule. Na usipashe mpaka ngozi ikanuka, ikishanuka imeshaanza kukauka vibaya na itapasuka katikati ya wimbo.

Ilimba nayo ina mambo yake. Ule mvumo wake, ile zzzz inayotembea nyuma ya sauti, unatokana na tundu la kwenye ubao linalozibwa na utando wa buibui, ule mweupe anaotagia mayai. Kijijini unaubandua ukutani tu. Mjini watu wanapaka rangi nyumba, wanafagia dari, buibui wenyewe wamekimbia! Mi nautafuta kwenye mabanda ya zamani na vyoo vya nje, naweka akiba kwenye kiboksi cha kiberiti, na wenzangu wanaotumia karatasi laini ya nailoni siwasemi vibaya, inatoa sauti, ila inakuwa kali zaidi na ukiwa na maiki karibu inachosha masikio. Chuma kikitoka kwenye sauti yake, kisukume ndani kidogo sauti ipande, kivute nje ishuke. Fanya hivyo nyumbani, sio mbele ya watu.

Na hapo ndo tunafika studio. Prodyuza wengi wa hapa wanaanza na kinanda na biti, halafu wanakuita uje uweke "ladha ya asili" juu yake. Sasa mpangilio wa sauti za Kigogo sio wa kinanda, kuna noti ya juu pale inakaa chini kidogo ya ile ya kinanda, na masikio ya prodyuza yanamwambia umekosea, anataka akunyooshe kwa kompyuta. Kataa kwa upole. Mwambie aanze kukurekodi wewe kwanza ukiwa peke yako, halafu besi na vingine vikufuate, au hicho kinanda kipumzike. Akisema haiwezekani, tafuta mwingine, wapo wanaoelewa siku hizi. Msafiri Zawose, mtoto wa mzee Hukwe, amechanganya sana na vyombo vya kisasa na bado ukimsikia unajua huyu ni Mgogo, kwa hiyo kuchanganya sio dhambi, swali ni nani anamfuata nani.

Tukija kwenye hela. Bei yako iwe na vitu vitatu tofauti: malipo ya kundi, usafiri, na chakula. Ukivichanganya, mteja akipunguza unajikuta mmepiga bure na nauli mmejilipia, maana daladala na ngoma kubwa konda anakuhesabia kama abiria wawili na hapo una bahati kakubali kukupakia. Nusu iingie kwenye simu kabla hamjatoka nyumbani. Nishapiga kwenye hoteli moja hapa mjini wakatulipa baada ya miezi, kila tukienda mhasibu katoka, na tulikuwa hatuna karatasi yoyote ya kuonyesha. Siku hizi hata kwa mtu ninayemwita mjomba naandika makubaliano nusu ukurasa. Na yule anayesema njoo upige bure utajulikana, muulize kama mpishi na mtu wa maua nao wanakuja kujulikana.

Hela ya kutuzwa jukwaani kubalianeni mapema. Sisi inaingia kapu moja, inakatwa kwanza ya ngozi na ukarabati, inayobaki tunagawana sawa. Kuna makundi kila mtu anachukua alichobandikwa usoni, na nimeona yakivunjika kwa sababu mpiga ngoma amejificha nyuma hakuna anayemwona, mwimbaji mbele anajaza mifuko.

Madarasa ya watoto msiyadharau. Mtoto wa miaka saba akikuuliza mbona hapo umepiga hivi, unalazimika kupunguza kasi na kujieleza, na mara nyingi kwenye ile kasi ndogo ndo unasikia mapigo mawili yaliyojificha ndani ya moja. Nyimbo zetu kadhaa zimetoka hapo. Wikiendi nenda pia Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, au Nafasi Art Space, kituo cha sanaa kule Mikocheni, sikiliza Wamakonde, Wasukuma, Wazaramo wanafanya nini. Mtu anayesikiliza za kwao tu anaishiwa haraka.

Jambo la nyimbo za wazee. Wimbo wa kijijini ukitaka kuurekodi, nenda ukaulize. Siku hizi hakuna kisingizio, treni ya umeme inakufikisha Dodoma asubuhi na jioni umerudi. Wengine watakwambia huu ni wa jando hauimbwi ovyo, basi uache. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa hata sanaa za jadi, sio za mtunzi mmoja tu, kwa hiyo mgeni akija na kinasa sauti chake kizuri akikwambia imba tu ni utafiti, omba karatasi inayosema atatumia wapi. Za kwako ulizotunga zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, jiandikishe BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, maana siku mwaliko wa nje ukija kibali cha kusafiri utakihitaji na huwezi kuanza kukimbizana wiki hiyo hiyo.

Na wanawake kwenye makundi yetu wapeni vyombo. Pendo na Leah Zawose waliitikia nyuma ya wanaume wa familia kwa miaka, mwaka 2024 wakatoa albamu yao wenyewe kama The Zawose Queens kwenye Real World, lebo ile ile iliyomrekodi mzee Hukwe. Kwetu dada mmoja mwitikiaji kaanza zeze juzi juzi, upinde bado unamkwaruza, lakini daftari la hela tayari yuko nalo yeye, na yeyote kundini akilitaka anaonyeshwa.