Kufundisha mahakama maalumu za Kenya: anza na kesi

Mwalimu, umeuliza ufanyeje ili kidato cha tatu waache kukariri majina ya mahakama bila kuyaelewa. Ushauri wangu: mchoro wa ngazi za mahakama usiutangulize. Andika migogoro sita kwenye karatasi, uigawe kwa vikundi: mfanyakazi aliyefutwa bila notisi, mpaka wa shamba, urithi wa familia ya Kiislamu, deni la shilingi 300,000, wizi wa ng'ombe, mwanajeshi aliyetoroka kambini. Kila kikundi kijibu: jambo lenyewe ni nini, na wahusika ni nani?

Hapo ndipo ufungue Katiba ya 2010. Kifungu 162(2) ndicho msingi wa Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi na ile ya Mazingira na Ardhi. Hapa wengi hukosea: huzichora chini ya Mahakama Kuu, ilhali hadhi yao ni sawa, na rufaa kutoka kwazo huenda Mahakama ya Rufani. Zichore mstari mmoja na Mahakama Kuu.

Mahakama ya Kadhi ni ya ngazi ya chini, Kifungu 170. Sisitiza mipaka yake: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, pande zote ziwe Waislamu na zikubali kusikilizwa hapo. Mwanafunzi akimpeleka kwa kadhi Mwislamu aliyeiba ng'ombe, mrudishe kwenye swali la kwanza. Huyo ni wa mahakama ya hakimu.

Deni lile ni la Mahakama ya Madai Madogo, ukomo wake shilingi milioni moja. Mwanajeshi ni wa mahakama ya kijeshi.