Usitupe Gurudumu Kabla Hujafungua Habu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, gurudumu la nyuma la baiskeli yangu linacheza na linasaga. Fundi kasema ninunue jingine zima. Nifanyeje?" Nilisoma ujumbe ule mara tatu, na kila mara nikamkumbuka fundi wangu mimi.

Miaka kadhaa nyuma nilimpelekea baiskeli yenye dalili hizo hizo. Akalishika gurudumu, akalitikisa, akalizungusha mara moja, akasema, "Hili limekwisha." Hakulegeza nati hata moja. Nami nikaamini. Gurudumu lile nilikuwa nimelifunga spoki mwenyewe, zote 36, mjomba wangu akinisimamia jioni tatu mfululizo. Kila spoki niliigonga na kusikiliza sauti yake hadi zikalingana. Likaishia kwenye vyuma chakavu. Jipya lililokuja mahali pake lilianza kulegea spoki ndani ya miezi miwili. Mpaka leo nikilikumbuka lile la kwanza roho inaniuma, kwa sababu sasa ninaamini kilichokuwa kimekwisha pale ni kipande kidogo kuliko kidole gumba.

Ninaamini hivyo kwa kuwa mwezi huu habu yangu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu ambamo spoki huanzia, imeugua ugonjwa uleule, na safari hii nimeifungua kwa mikono yangu.

Ukilisukuma gurudumu pembeni lilikuwa linagonga. Nilipolitoa kwenye fremu na kuzungusha ekseli (kile chuma kinachopita katikati ya habu) kwa vidole, nilihisi kama kuna mchanga ndani. Nikatoa friwili, ile gia ya nyuma inayovutwa na mnyororo, kwa kifaa chake (tafadhali usiipige patasi na nyundo, utaharibu meno yake), kisha nikafungua upande wa kushoto: kwanza nati ya kubana, halafu koni, kile kipande cha chuma kwenye ekseli kinachozishikilia gololi ndani ya habu. Kwa kazi hii unahitaji spana nyembamba ya koni, maana ya kawaida ni nene na haiingii. Upande wa kulia niliuacha umekazwa ili ekseli irudi mahali pake palepale. Tandika kitambaa cheupe chini, kwa sababu gololi hupenda kukimbia.

Habu nyingi za nyuma za aina hii huwa na gololi tisa kila upande, za robo inchi, yaani milimita 6.35. Zangu zilitoka zote 18, lakini kadhaa za kushoto zilikuwa zimepoteza mng'aro, na grisi imekuwa nyeusi kama lami. Nikaifuta koni. Upande mmoja ilikuwa laini kabisa. Upande wa pili ina vishimo, kama uso wa mtu aliyewahi kuugua ndui.

Hapa ndipo nilipoelewa jambo ambalo fundi yule hakunieleza. Gurudumu likizunguka, ekseli na koni zake hazizunguki. Uzito wako wote unakandamiza sehemu ileile ya chini ya koni, siku zote. Kikombe kilichomo ndani ya habu, ambamo gololi hupita, kinazunguka, kwa hiyo mzigo wake unagawanyika duara zima. Ndiyo maana mara nyingi koni hufa kwanza, na koni ni kitu cha kununua na kubadilisha. Rimu haina kosa, spoki hazina kosa. Kwa nini zihukumiwe?

Nikasafisha kikombe kwa mafuta ya taa, nikamulika tochi, nikapitisha ncha ya kalamu ya wino kwenye njia ya gololi, taratibu, mzunguko mzima. Ikateleza bila kukwama. Jamani, furaha niliyoipata pale siwezi kuieleza!

Ncha ingekwama, habari ingekuwa nyingine: kikombe kikishaliwa, habu nyingi ndio mwisho wake. Hata hapo, kama rimu yako ni nzima, unaweza kuifunga kwenye habu mpya. Ila kama breki zako zinabana rimu na kuta zake zimebonyea kwa kusuguliwa, hapo kweli nunua gurudumu.

Nenda dukani na koni ya zamani mkononi. Ekseli za milimita 10 na za 3/8 ya inchi zinakaribiana kwa macho, lakini nyuzi zake hazikubaliani. Gololi badilisha zote. Ukichanganya mpya na za zamani zilizokwisha kulika, mpya ndizo zitakazobeba mzigo peke yake.

Kurudisha ni rahisi: grisi ya kutosha kwenye kikombe, gololi tisa zikae juu yake, koni ifuate. Kazi ni kurekebisha. Kaza koni kwa vidole mpaka iguse, irudishe kidogo, ishikilie kwa spana huku ukibana nati. Nati ikibana, koni nayo husogea, na ulichokipima kinapotea. Mimi nilirudia mara sita. Kama gurudumu lako hufungwa kwa klempu ya mkono, acha licheze kidogo sana, kwa kuwa klempu huibana ekseli na kukimaliza kile kichezo. Kama ni la nati za kawaida, lisicheze hata kidogo, na lisiwe zito.

Nilipolipachika, nililizungusha nikaliacha. Likapunguza mwendo bila sauti, valvu ikashuka chini, ikapita, ikarudi, ikapita tena, likiyumba kama pendulo mpaka likatulia lenyewe.

Ndugu zangu, tumezoea kuhukumu kitu kwa kelele zake. Mtu anakwambia tupa, nawe unatupa, na hakuna aliyeona ndani. Mwambie fundi afungue mbele yako. Akikataa, fungua wewe. Mikono uliyonayo ndiyo niliyonayo mimi.

Na wewe uliyeniandikia, usinunue chochote bado. Fungua upande wa kushoto jioni moja, hesabu gololi, pitisha kalamu kwenye kikombe, kisha niambie kama imeteleza au imekwama. Nasubiri ujumbe wako.