Kutabiri kifafa kwa EEG: kabla hujaifundisha modeli

Wengi mnaoingia kwenye utafiti wa kutabiri kifafa, yaani kufundisha modeli (programu ya kompyuta) itambue shambulio kabla halijaanza, mtaanzia data za CHB-MIT, zilizorekodiwa Hospitali ya Watoto ya Boston na kuwekwa bure PhysioNet, hifadhi ya mtandaoni ya data za tiba. Ni EEG (rekodi ya umeme wa ubongo) ya kubandika elektrodi juu ya ngozi ya kichwa, bila upasuaji, sampuli 256 kwa sekunde. Haichukui muda mtu anapata usahihi wa asilimia 99 na kuanza kuandika makala. Subiri kwanza.

Fungua faili la chb01_03, yaani faili la tatu la mgonjwa chb01, ulitazame kwa macho yako. Shambulio linaanza sekunde ya 2996 na kuisha ya 3036. Faili linalofuata, chb01_04, lina shambulio jingine sekunde ya 1467. Piga hesabu, faili moja likiwa la saa moja: kati ya hayo mawili ni kama dakika 34 tu. Ile nusu saa unayotaka kuiita "kabla ya shambulio" ndiyo hiyo hiyo ambayo ubongo bado unajirudi baada ya shambulio lililotangulia. Modeli itajifunza hali ya baada, nawe utatangaza kwamba imetabiri. Mashambulio yakifuatana hivyo, mimi hubaki na la kwanza, la pili naliacha.

Hiyo asilimia 99 nayo hutoka wapi? Mara nyingi ni kwenye kukata. Unakata nusu saa kuwa vipande vya sekunde nne vinavyopandana, unavichanganya kama karata, kisha vingine unafundishia na vingine unapimia. Vipande jirani karibu ni kitu kimoja, kwa hiyo mtihani umeshavuja. Tenga shambulio zima pamoja na muda wake wote wa kabla, modeli isilione mpaka siku ya kupima. Ukifundisha kwa wagonjwa wengi, kumbuka pia kwamba chb21 ni binti yule yule wa chb01, aliyerekodiwa tena mwaka mmoja na nusu baadaye.

Mtego mwingine umejificha zaidi. Wagonjwa hawa walirekodiwa kwa siku kadhaa baada ya kusimamishiwa dawa za kifafa, ili mashambulio yaonekane. Mwili wa siku ya kwanza si wa siku ya tatu, na EEG ya usingizi si ya mchana. Vipande vyako vya "hali ya kawaida" vikitoka usiku mmoja tu, umetengeneza kipimo cha usingizi, na kitafanya kazi vizuri sana.

Kwenye ripoti, weka mbele alamu za uongo kwa saa. Alamu moja ya uongo kila saa, ikidumu dakika 30, inamfanya mgonjwa aishi nusu ya siku yake kwa hofu. Tena alamu iliyotegwa ilie ovyo kwa kiwango hicho itabahatisha karibu nusu ya mashambulio. Modeli yako ianze kwa kuishinda hiyo.

(Kichujio cha umeme wa ukutani: Marekani ni hezi 60, kwetu 50. Wanaonakili msimbo husahau.)

Mwisho, kama kuna hospitali jirani yenye mashine ya EEG, omba ruhusa ukae na fundi asubuhi moja. Mgonjwa akiambiwa afumbe macho, utaona mawimbi ya hezi 8 hadi 13 yakijitokeza kisogoni. Akitafuna, chaneli za pembeni zinachafuka kwa umeme wa misuli ya taya, na picha hiyo inaweza kumdanganya mgeni kabisa.