Nguvu ziweke kwenye jibu: ushauri kwa wanaosoma mtandaoni wakiwa Lamu

Wanafunzi wengi wa masomo ya mtandaoni ninaowajua hapa Lamu hulichukulia jukwaa la majadiliano kama ushuru. Mhadhiri ameuliza swali, kila mtu aandike aya mbili, awajibu wenzake wawili, alama zipatikane, basi. Anayeingia hivyo alama zake hupata, sikatai. Lakini hupitwa na sehemu ya masomo ambayo mimi imenifaa kuliko vitini na video zote. Ndiyo sababu naandika haya, hasa kwa ajili ya ndugu zangu wanaojiandikisha muhula huu wakiwa Faza, Mpeketoni, Kiunga au hapa mjini.

Sisi wa huku tuna haja kubwa zaidi ya kulithamini jukwaa. Mwenzetu aliye bwenini akikwama hugonga mlango wa pili. Sisi, mtu wa kozi moja nawe huenda hayupo kisiwa kizima. Darasa letu ni yale maandishi, na uzuri wake hayana saa. Mama aliyekwisha kulaza watoto, kijana aliyefunga duka baada ya isha, mtu aliyekosa mtandao mchana kutwa, wote huingia wakipata nafasi wakakuta maneno yapo palepale yanawangoja. Mwezi wa Ramadhani mimi huandika baada ya daku, nyumba imetulia na kichwa kiko wazi. Na yule mwenye haya, ambaye darasani asingenyoosha mkono hata mara moja, hapa ana muda wa kuipanga hoja yake mpaka aridhike nayo.

Sasa jambo lenyewe. Ukiniuliza nguvu zako uzipeleke wapi, nitakwambia zipeleke kwenye majibu, si kwenye posti ya kwanza. Posti za kwanza hufanana karibu zote, kwa kuwa wote tumesoma kitini kimoja na kuulizwa swali moja. Tofauti huanza pale mtu anapomjibu mwenzake kwa kitu ambacho kwenye kitini hakimo.

Nitatoa mfano. Nasomea usimamizi wa mazingira. Wiki moja tuliulizwa kama jamii zinazoishi kando ya msitu ziruhusiwe kuvuna, au msitu ufungwe kabisa. Mwenzetu mmoja kutoka bara aliandika kwamba mikoko ifungwe moja kwa moja, kwa kuwa watu huikata kwa kuni na makaa, na siku hizi gesi ipo. Hoja ilikuwa imepangika vizuri. Wakamjibu watu kadhaa, kila mmoja akisema anakubaliana naye na kwamba ameeleza kwa ufasaha. Mjadala ukafa hapo.

Nilipomjibu, kwanza niliinukuu sentensi yake moja, ile ya kuni. Kisha nikamweleza kwamba zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na huku kwetu mkoko ni mti wa kujengea kabla ya kuwa kuni. Miti hiyo huuzwa kwa unene, na kila unene una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Nyumba za mawe za mji wa kale, mji ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, dari zake zimebebwa na boriti. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba hauwezi kuuzidi urefu wa boriti iliyolala juu yake. Nikamkumbusha pia kwamba serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, Februari 2018, wakataji mikoko wa Lamu walipoteza riziki yao. Nikamalizia kwa kumuuliza: msitu ukifungwa kabisa, dari hizo zitakarabatiwa kwa mti gani?

Alirudi siku ya pili, na alirudi kwa uungwana. Akasema hoja yake ilikuwa imechanganya mambo mawili, kufunga msitu na kupanga uvunaji, akayatenganisha. Mwengine, wa upande wa Molo, akaleta mfumo wa shamba, ambapo wakulima huruhusiwa kulima mahindi na viazi katikati ya miche ya msitu mpaka miti ikue. Akaeleza unavyosaidia familia, na unavyoharibika pale mkulima anapoona afadhali mche ufe ili shamba libaki lake. Hilo mimi sikuwa nikilijua. Mhadhiri naye akaingia na swali gumu kuliko yote: ukiruhusu uvunaji wa kiasi, ni nani atakayehesabu miti inayotoka msituni, na nani atamwamini? Mjadala uliokuwa umekufa ulikwenda mpaka mwisho wa wiki.

Jibu lile halikuhitaji usomi mkubwa. Boriti iko juu ya kichwa changu kila ninapolala. Kilichotakiwa ni kutambua kwamba ninachokijua kwa kuishi hapa ni ushahidi, na kina nafasi darasani sawa na kitabu. Wewe baba yako ni mvuvi, unajua samaki wanavyopungua msimu wa kusi, boti ndogo zikishindwa kutoka. Mama yako anauza nazi, unajua bei inavyopanda na kushuka. Unasomea biashara, afya, ualimu au uchumi, lete hayo, uyafungamanishe na nadharia ya wiki ile. Mtu wa Kisumu hana pengine pa kuyapata.

Kujibizana ni jadi yetu, isitoshe. Washairi wa Lamu na Mombasa walikuwa wakijibizana kwa beti karne ya 19, na anayejibu hakutosheka kuwa na maneno mazuri yake mwenyewe. Alilazimika kuyashika ya mwenzake na kuyajibu hayo hayo. Ukiwa jukwaani fanya vivyo hivyo. Nukuu sentensi unayoijibu, kisha sema.

Wako watafiti waliochunguza majadiliano ya maandishi ya namna hii: Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer, wakiwa Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walieleza hatua nne. Kwanza hutokea swali au tatizo la kuwashtua watu; kisha watu hutafuta na kutupa mawazo; kisha mawazo huunganishwa; mwisho hupatikana uamuzi au suluhisho la kujaribiwa. Walipozichambua posti za wanafunzi, zilizo nyingi zilikuwa hatua ya pili, na zilizofika ya nne zilikuwa chache mno. Mimi nayaona hayo kila muhula. Watu ishirini wanatoa mawazo ishirini, na wiki inakwisha bila mtu kuyakusanya.

Basi wewe yakusanye. Ikifika katikati ya wiki, andika posti fupi: mpaka sasa naona tunakubaliana juu ya jambo hili, tunatofautiana juu ya lile, na mimi naegemea upande wa fulani kwa sababu hii. Hakuna zoezi lililonifundisha zaidi ya hilo, kwa kuwa huwezi kuliandika bila kusoma posti zote kwa makini. Wahadhiri huliona pia, maana ndiyo kazi ambayo wangependa darasa lijifanyie lenyewe.

Kupinga huwatia watu hofu, na naielewa hofu hiyo. Tumelelewa kwamba mtu mzima hakosolewi mbele za watu, na katika kozi za mtandaoni mna walimu na wauguzi waliotuzidi umri kwa miaka mingi. Maandishi nayo hayana uso wala sauti ya kulainisha neno. Mimi huanza kwa kumwita mtu kwa jina na heshima yake, nikataja sehemu ya hoja yake iliyonifaa, kisha nikasema waziwazi ninapotofautiana naye na kwa nini. Kunyamaza ili kulinda adabu, huku unajua hoja ina kasoro, ni kumnyima mwenzako haki yake ya kusoma.

Na Kiingereza kisikufunge mdomo. Majukwaa mengi ya vyuo vyetu huendeshwa kwa Kiingereza, na nimewaona watu wenye akili nyingi wakinyamaza kwa kuona haya ya sarufi. Mimi hoja huipanga kwa Kiswahili kwanza, kwenye daftari, ndipo naihamisha. Sentensi fupi zinatosha. Hata maneno kama boriti na mazio yaache yalivyo, ueleze kwa mstari mmoja ni kitu gani.

Kuhusu programu za akili unde nina msimamo mkali kidogo. Mtu akiiambia imwandikie posti, italeta maneno laini ambayo mtu yeyote wa popote angeweza kuyasema, na darasa hujua. Itumie kukueleza dhana usiyoielewa, kama sheria za chuo zinaruhusu. Posti iandike wewe.

Grupu la WhatsApp nalo lina kazi yake, kukumbushana tarehe na kutumiana vitini. Lakini mjadala mzuri ukianzia huko uhamishie jukwaani siku hiyohiyo. WhatsApp maneno yanazama chini ya salamu na stika, mhadhiri hayaoni, na kesho hakuna anayekumbuka nani alisema nini.

Mambo ya kiufundi sitayakalia sana. Andika kwanza kwenye sehemu ya kuhifadhi maandishi ya simu yako, kisha unakili na kubandika, maana mtandao ukikatika ukiwa unaandika moja kwa moja jukwaani, kazi yote inaweza kupotea. Vyuo vingi hutumia Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni, na huko kwa kawaida una dakika 30 za kusahihisha posti baada ya kuituma, isipokuwa chuo kimebadilisha. Zitumie kuisoma upya. Kuna na aina ya jukwaa ambayo huoni posti za wenzako mpaka utume yako, kwa hiyo usidhani darasa liko tupu. Kama bando lako ni dogo, weka posti zikufikie kwa baruapepe, ikiwezekana zote kwa pamoja mara moja kwa siku, uzisome bila kuufungua ukurasa mzima.

Saa nayo iangalie vizuri, hasa ukisoma chuo cha nje. Mwisho wa kutuma ukiandikwa saa 23:59 kwa saa za London, kwetu huwa saa nane usiku kasoro dakika moja wakati wa kiangazi chao, na saa tisa kasoro dakika moja wakati wa baridi. Lakini ushauri wangu ni kwamba usiukaribie mwisho huo. Posti inayoingia usiku wa mwisho haina wa kuijibu. Ingia siku ya kwanza au ya pili, hata kwa aya moja, halafu rudi baada ya siku mbili tatu uone nani amekujibu. Aliyekuuliza swali na hukurudi, hatakuuliza tena.

Mwisho, kozi ikifungwa mara nyingi na jukwaa lake hufungwa nawe ukakosa njia ya kuingia. Kabla ya mitihani nakili posti zako na majibu yaliyokufaa, uyaweke kwenye faili moja kwa kila kozi, na tarehe zake. Majibizano yetu ya mikoko ndiyo niliyoanzia kuandika pendekezo langu la utafiti. Na ukitaka kutumia maneno ya mwenzako katika kazi yako, mwandikie umuombe ruhusa angali darasani, maana baada ya muhula kumpata huwa tabu.