Maswali ya Wasomaji: Kusomea Uchanganuzi wa Tabia

Swali: Nafundisha watoto wenye usonji na nina shahada ya kwanza ya elimu. Nataka kusoma uzamili wa uchanganuzi wa tabia, yaani fani ya kuchunguza kwa nini tabia hutokea na jinsi ya kuibadili, ila kila chuo kinajisifu. Nitajuaje kilicho imara?

Jibu: Mwalimu, shahada yako ya elimu haikuzuii. Anza na mtaala, usianze na picha za kwenye tovuti. Kipimo kinachotumika sana ni cha BACB, bodi ya Marekani inayotoa vyeti vya wachanganuzi wa tabia, iliyoundwa 1998. Inadai saa 315 za masomo ya ngazi ya uzamili: 90 za dhana na kanuni za msingi, 60 za mbinu za kubadili tabia, 45 za maadili, 45 za upimaji na mpangilio wa majaribio, 45 za tathmini, na 30 za kusimamia wafanyakazi.

Tazama hizo 90 kwa makini. Palipo na mbinu nyingi na kanuni chache, mwanafunzi hujua kutoa zawadi lakini hajui kwa nini imeacha kufanya kazi: mtoto ameikinai, au inachelewa kumfikia, au haikuwa kiimarishi (kitu kinachoifanya tabia irudiwe) tangu mwanzo, ni mtu mzima tu aliyedhani mtoto anaipenda.

Kisha omba matokeo ya mtihani wa bodi kwa waliofanya mara ya kwanza. Uliza walikuwa wangapi, maana asilimia mia ya watu wachache haina uzito. Uliza pia nani atakutafutia msimamizi wa mafunzo kwa vitendo. Wakikujibu kwamba hilo ni lako mwenyewe, ujue gharama na mahangaiko yake ni yako pia. Kanuni kadhaa zinabadilika 1 Januari 2027, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka utakaopeleka maombi, si wa mwaka unaoanza masomo.

Swali: Nipo kituoni saa 30 kwa wiki, zote ana kwa ana na watoto. Wenzangu wanasema kwa miezi 16 nitakuwa nimemaliza saa 2,000 za mafunzo kwa vitendo zinazodaiwa na bodi. Kweli?

Jibu: Hesabu ya kalenda ni sahihi, maana saa 30 kwa wiki ni kama 130 kwa mwezi. Tatizo ni aina ya kazi. Angalau asilimia 60 ya saa zako lazima ziwe za kazi ya mchanganuzi: kufanya tathmini, kuchora na kusoma grafu, kuandika mipango, kufundisha wazazi na wafanyakazi. Kutekeleza mpango ulioandikwa na mwingine kunahesabiwa hadi asilimia 40 tu. Katika 2,000 hizo ni saa 800. Saa 1,200 zilizobaki hutazipata kwa kukaa na mtoto mezani, hata ukikaa miaka kumi.

Msimamizi naye ana kiwango chake: asilimia 5 ya saa za kila mwezi. Kwa saa 130 ni saa 6 na nusu, katika vikao visivyopungua vinne. Angalau kimoja akuone ukiwa na mteja, na vikao vya kikundi visizidi nusu ya muda wa usimamizi. Akikupa saa 5 tu, mwezi huo umepata 100, si 130. Kuna njia fupi ya saa 1,500, ila huko usimamizi ni asilimia 10 na vikao ni sita kwa mwezi. Ukipiga hesabu, njia ndefu inadai saa 100 za msimamizi na fupi 150. Kama unamlipa kwa saa, njia fupi ndiyo ghali.

Saa nyingi hupotea kwa karatasi. Fomu ya mwezi isiyosainiwa kufikia mwisho wa mwezi unaofuata inazika mwezi mzima. Saa za kabla ya kuanza masomo hazihesabiwi, wala mwezi wenye chini ya saa 20. Na kabla ya saa ya kwanza, dai uthibitisho kwamba msimamizi amemaliza mafunzo ya usimamizi ya saa 8. Kumdai si utovu wa adabu.

Swali: Nikisoma kwa mtandao katika chuo cha Marekani nikiwa naishi nchi nyingine, nitapata cheti cha BACB?

Jibu: Kwa nchi nyingi, hapana. Tangu 1 Januari 2023 bodi hiyo inapokea maombi mapya ya wakazi wa nchi chache tu, zikiwemo Marekani na Kanada, na kinachotazamwa ni makazi, si chuo. Walio kwingineko huangalia vyeti vya bodi nyingine, IBAO au QABA. Muulize mwajiri anatambua kipi kabla hujalipa ada.

Swali: Tasnifu yangu ina washiriki watatu. Mhadhiri wa takwimu anasema ni wachache mno.

Jibu: Katika mpangilio wa mshiriki mmoja mmoja, kila mtu analinganishwa na nafsi yake. Unawaanza wote kwa kipindi cha awali, kisha unaingiza afua, yaani mbinu unayoijaribu, kwa mmoja baada ya mwingine. Tabia ikibadilika kila inapofikiwa na afua, na si kabla, umeonyesha athari mara tatu. Kusanya angalau vipimo vitano vya awali, na usianze afua ikiwa mstari wa grafu tayari unaelekea unakotaka wenyewe. Epuka watoto wanaokaa darasa moja: wa pili hujifunza kwa kumtazama wa kwanza, na mpangilio wote unavunjika.

Mtego mwingine uko kwenye makubaliano ya watazamaji, yaani kiasi ambacho watu wawili wanaorekodi tabia ileile wanalingana, ambayo kwa kawaida hutakiwa yafike asilimia 80. Katika dakika kumi, mmoja akihesabu mtoto amepiga mara 12, zote nusu ya kwanza, na mwenzake 12 nusu ya pili, jumla zinalingana kwa asilimia 100 ilhali hawakuona kitu kimoja. Gawa muda katika vipande 60 vya sekunde kumi na ulinganishe kipande kwa kipande. Kwa tabia adimu hata hilo hudanganya: wakipingana katika vipande viwili pekee vyenye tabia, bado watapata 58 kwa 60, karibu asilimia 97. Hapo hesabu tu vipande ambavyo angalau mmoja wao aliiona tabia.