Ukikuta "rrh", kimbilia mkiani

Amenorrhoea. Menorrhagia. Hebu hesabu herufi: kila neno lina 11, na saba kati ya hizo, menorrh, ni zilezile kwa mpangilio uleule. La kwanza ni la mwanamke asiyeziona siku zake. La pili ni la anayeziona kupita kiasi, damu nyingi au ya siku nyingi. Mimi niliyachanganya wodini, kwenye faili la mgonjwa, nikiwa mwaka wa kwanza wa uuguzi.

Dada yule alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga mbili kiunoni, viganja vimepauka. Akaniambia, "Nesi, natokwa na damu nyingi, mabonge mabonge, leo siku ya tisa." Nilimwelewa vizuri kabisa. Halafu nikainama nikaandika amenorrhoea, kwa kuwa ndilo neno nililolikariri usiku uliotangulia na nilikuwa naona fahari kuliandika bila kukosea hata herufi. Sista mkuu wa zamu alipopitia mafaili, alisoma, akamtazama mgonjwa, akanigeukia. Hakunigombeza. Alinipa penseli na kipande cha karatasi, akasema, "Liandike hapa, kisha likate."

Nikadhani anataka nilipige mstari. Kumbe alitaka nilikate kama muwa, pingili kwa pingili: a / meno / rrhoea. Chini yake: meno / rrhagia. Ile "a" ya mbele ni kukosekana. "Meno" si haya ya kutafunia. Ni neno la Kigiriki la mwezi. Wagiriki walifikiri kama bibi zetu wanaosema fulani ameingia mwezini. Mkia wa neno la kwanza ni kutiririka, na wa pili ni kububujika kwa nguvu, kama kitu kilichopasuka. Mtiririko wa mwezi haupo. Mtiririko wa mwezi umepasua kingo. Mgonjwa wangu alikuwa wa pili.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza muhula huu, msiyakariri maneno haya yakiwa mazima mazima. Yanafanana mno tumboni. Ukiona rrh, weka kidole hapo, usome kinachofuata.

Mkia mtakaokutana nao kila siku ni ule wa kutiririka, rrhoea. Diarrhoea ni mtiririko unaopita moja kwa moja, yaani kuhara. Otorrhoea ni sikio linalotoa majimaji au usaha. Mtoto akiletwa nalo, mama atasema tu "sikio linatoka uchafu". Galactorrhoea ni maziwa kutoka kwa mtu asiye na sababu ya kuwa nayo. Steatorrhoea ni choo chenye mafuta, kinachong'aa na kuelea. Ukiongeza dys mbele ya menorrhoea, maana inakuwa hedhi yenye maumivu, na neno linafika herufi 13. Kuna pia gonorrhoea, kisonono. Hili jina lina kosa ndani yake: gono ni mbegu, maana watu wa kale waliona ule ute wakadhani ni manii yanayovuja. Ni usaha, unaoletwa na bakteria. Kosa lilitambuliwa, jina likabaki.

Mkia wa kububujika mtausikia zaidi wodi ya wazazi, kwenye haemorrhage, kuvuja damu nyingi. Usiichanganye na haemorrhoids, ambayo ni bawasiri: zote zinaanza na damu, lakini bawasiri imechukua mkia wa kutiririka. Halafu upo mkia wa kushona, rrhaphy. Perineorrhaphy, herufi 14, ni kushona msamba uliochanika. Wengi huogopa urefu wake, wakati ukishalikata ni neno rahisi kuliko yote niliyotaja: mahali, na sindano. Ule wa rrhexis, kupasuka, mtauona mara chache.

Mtauliza hizo r mbili na h zinatafuta nini pale. Kwa Wagiriki, neno likianza kwa r, hiyo r hutamkwa na pumzi, na Warumi wakaiandika rh. Likitanguliwa na kipande kinachoishia kwa irabu, r inaongezeka moja. Rhinorrhoea, kamasi jepesi linalochuruzika, lina hali zote mbili: rh mwanzoni, rrh katikati. Ukilijua hilo hutasahau r ya pili kwenye mtihani. Ila otorhinolaryngology, taaluma ya masikio, pua na koo, lina herufi 19 na limekataa kuongeza r. Hilo likariri tu.

Mtego mwingine ni cirrhosis. Hapa hakuna mtiririko wala kububujika, na ukilikata kwenye rrh utapotea. Linakatwa cirrh / osis. Mzizi wake ni kirrhos, rangi ya manjano iliyofifia kama ngozi ya mnyama, na aliyelipa ini lenye makovu jina hilo mwaka 1819 ni René Laennec, tabibu Mfaransa yuleyule aliyebuni stetoskopu mwaka 1816.

Kuhusu tahajia, vitabu vyetu vya maktaba vimechanganyika. Waingereza wanaandika diarrhoea na haemorrhage, Wamarekani diarrhea na hemorrhage. Uliza chuo chako kinataka ipi na ushikamane nayo. Kilichopungua ni irabu. Rrh haiguswi popote.

Nilipomaliza kukata yale maneno, sista alinirudishia kalamu na faili. Nikapiga mstari mmoja juu ya kosa, bila kulifutafuta, nikaweka sahihi na saa, nikaandika menorrhagia. Akasubiri. Nikadhani nimekosea herufi tena. "Na yeye alisemaje?" akauliza. Nikaongeza chini yake kwa Kiswahili: damu nyingi, mabonge mabonge, siku ya 9.