Shangazi, ile picha ya maporomoko

Shikamoo shangazi. Ujumbe wako kwenye kundi la familia nimeusoma mara tatu. Umeuliza kama ni kweli huku Marekani watu wameacha kanisa wakahamia msituni, na kama nami nimefuata mkumbo, maana chini ya ile picha niliandika "ibada ya leo". Ngoja nikueleze bila kuficha.

Pale ni maporomoko ya Kaaterskill, kwenye milima ya Catskill, jimbo la New York. Maji yanashuka kwa vituo viwili, karibu mita 80, na mwezi wa kumi majani yote yamegeuka mekundu na manjano. Mzee ninayemhudumia (kuogesha, kulisha, dawa, unaijua kazi yangu) hajaingia kanisani miaka na miaka, lakini tukifika pale anavua kofia. Mwanzoni nilikuwa namcheka kimoyomoyo.

Kumbe jambo hilo huku lina mizizi. Ralph Waldo Emerson alikuwa mchungaji Boston, akajiuzulu mwaka 1832 kwa kuwa nafsi yake haikumruhusu tena kuendesha Meza ya Bwana. Mwaka 1836 akatoa kitabu kidogo, Nature, akisema akisimama porini anajiona ni sehemu ya Mungu. Baba yangu angemtenga na ushirika siku hiyohiyo! Mwaka huohuo mchoraji Thomas Cole aliandika kwamba nyika ya Marekani ni kazi ya Muumba ambayo bado haijachafuliwa.

Cole ndiye ninayemwelewa, kwa sababu alikuwa mgeni kama mimi. Alizaliwa Bolton, Uingereza, kwenye viwanda vya pamba, akavuka bahari mwaka 1818 akiwa na miaka 17. Aliyekulia kwenye moshi akiona mlima mtupu lazima apige magoti. Mimi nimekulia Lushoto, na sikumbuki hata siku moja niliyosimama kuutazama mlima. Nilikuwa naupanda nikiwa na kuni.

Lakini mwaka 1826 Cole alichora maporomoko hayahaya, na hapo ndipo aliponikamata. Tayari kulikuwa na jukwaa na vizuizi vya watalii, hakuvichora. Badala yake akaweka mtu mmoja tu, mdogo kama siafu, Mmarekani wa asili amesimama ukingoni. Miaka minne baadaye Rais Andrew Jackson alitia saini sheria ya kuwahamisha Wamarekani wa asili ng'ambo ya mto Mississippi. Nyika takatifu isiyo na mtu, kumbe watu wake walikuwa wanaondolewa.

Sasa na mimi, shangazi, picha yangu nimeikata vilevile. Pembeni ya picha yangu kuna foleni ya magari na watu wanaogombea mahali pa kujipiga picha. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kucha, masaa kumi na mawili. Ibada ya Kiswahili iko mwendo wa saa mbili, naenda mara moja kwa mwezi nikipata lifti. Kusali nasali, mara nyingi nikiwa jikoni kwa mzee.

Juzi nilimwonyesha picha uliyonitumia kutoka Irente, kwetu Lushoto, bonde lote la Mazinde chini. Akaishika simu muda mrefu, kisha akaniuliza: "Ulitoka huko kufuata nini?" Nikamwambia ni saa ya dawa yake.